Mkurugenzi Aingia Jikoni kwa Benta

Ilitangazwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu ya serikali, ikizunguka ufuo wa Dunga kuanzia kwenye mashua mpaka kwa wauza omena, dagaa wa ziwani, ya kwamba mateso ya mfanyabiashara mdogo yamefika mwisho. Kuanzia siku hiyo hakuna mama atakayefungiwa kibanda bila kusaidiwa. Atasaidiwa kwanza, halafu ndipo afungiwe. Na akishafungiwa, ofisa mwenye cheo atasimama kando yake na kumweleza kwa upole ni sheria gani imemfunga na namna ya kuishukuru.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya idara mpya, Idara ya Kusaidia Biashara Ndogo Kufurahia Ukaguzi. Mkurugenzi wake, Bwana Gordon Ondiek, alikuwa ndani ya pikapu hiyo mwenyewe, ameshika maikrofoni kama mtu aliyeshika mtoto wake wa kwanza.

"Msitukimbie tena," alisema. "Zamani mkiona kanjo, hawa askari wa manispaa, mlikuwa mnabeba sufuria mnaingia ziwani. Sasa tumekuja kama ndugu. Simameni hapo hapo mlipo, na sufuria zenu."

Waliosimama walichukuliwa sufuria kwa uchunguzi. Waliokimbia walikosa huduma.

Gordon Ondiek alikuwa mtu aliyependa sheria vile wengine wanapenda mpira. Alizaliwa Usenge, mama yake akianika omena juu ya nyavu mchangani, jambo ambalo hakuliandika popote alipokuwa akiomba kazi. Sasa alikuwa na ofisi mjini yenye feni, na ukutani ramani ya Dunga iliyojaa pini. Pini ya kijani ilimaanisha biashara imetii. Pini nyekundu ilimaanisha biashara imefungwa. Kwa Gordon rangi zote mbili zilikuwa ushindi, maana katika zote mbili hakukuwa na mtu anayevunja sheria.

Pini moja tu ndiyo ilimnyima usingizi. Ilikuwa nyeupe. Nyeupe ilimaanisha haijakaguliwa, na ilikuwa hoteli ya Benta.

Kuiita hoteli ni heshima ya Kisumu. Mbele palikuwa na mabati juu ya nguzo, benchi, na mtungi wa maji ya kunawa. Nyuma palikuwa na nyumba ya Benta yenyewe, na jiko la nyumba ndilo lilikuwa jiko la hoteli. Marehemu mume wake, Ogweno, alijenga vitu hivyo vyote kwa mkupuo mmoja, halafu akafa akiwa kwenye foleni ya hospitali ya wakubwa fulani ambao hatutawataja, kwa sababu bado wako kwenye mkutano. Benta akabaki na karai la kukaangia samaki wa ngege, na wajukuu ambao walikula kutoka kwenye karai hilo. Karai likizimwa, nyumba nzima inazimwa.

Na lilikuwa karibu kuzimwa. Ijumaa walikuwa wanakuja wageni kutoka Nairobi, wenye pesa za idara, kuangalia ramani. Gordon alikuwa ameshawaandikia kwamba Dunga nzima ni kijani au nyekundu. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa hoteli ya Benta ilikuwa lazima ikaguliwe. Isipokaguliwa itahesabiwa imekataa kusaidiwa, na anayekataa kusaidiwa hufungwa moja kwa moja.

Gordon alimtuma Inspekta Waswa, kijana wa Bungoma mwenye bidii, aliyewahi kufunga duka la majeneza kwa kukosa mlango wa dharura. Waswa alikwenda asubuhi na kurudi kabla chai haijapoa.

"Umekagua?" Gordon aliuliza.

"Nimekagua mpaka mlangoni, bosi."

"Na ndani?"

"Ndani ni kwa mama mkwe."

Gordon aliweka kalamu chini. "Mama mkwe wa nani?"

"Wangu, bosi. Nimeoa Akello, binti yake. Sasa mimi niingie jiko la mama mkwe? Akiinama kupuliza moto, mimi nitaangalia wapi?"

"Utaangalia moto! Kuna kanuni ya moto!"

"Bosi, kwetu mtu akiingia jikoni kwa mama mkwe, hata mbwa wa boma wanashangaa."

"Sheria haina mama mkwe, Waswa."

"Ndiyo, bosi. Lakini mimi ninaye."

Gordon hakuwa mtu wa kushindwa na mila. Alimtuma Fabian. Fabian hakufika hata mlangoni. Alisimama barabarani, akanunua samaki wawili kupitia kwa mtoto wa jirani, akarudi akiwa amewafunga kwenye gazeti. Mke wake alizaliwa na dada ya Benta, na dada ya mama mkwe ni mama mkwe, hilo halihitaji kamusi. Akatumwa Sydney. Sydney alikuwa ameoa binti wa Dorca, muuza omena wa pale kando, na Dorca na Benta waliolewa na ndugu wawili, boma moja. Huyo naye alikuwa mkwe mpaka kwenye kucha.

Mkurugenzi aliita kikao cha dharura kutafuta ofisa yeyote ambaye hajaoa Dunga. Uchunguzi uligundua jambo la kusikitisha. Kwa miaka mingi, kabla idara haijawa idara, maofisa walikuwa wakitumwa ufuoni kila wiki kukagua. Ukaguzi ulikuwa unaanza saa sita na kuisha samaki wakiisha. Aliyeleta samaki mezani alikuwa binti wa mwenye hoteli. Basi ofisa mmoja mmoja, akiwa kazini, kwa mafuta ya gari la serikali, alijipatia mke. Serikali ilikuwa imeoa ufuo mzima bila kujua.

Alibaki mmoja tu ambaye hajaoa. Aliposimamishwa alikohoa.

"Bosi, mimi bado," alisema. "Lakini nimeshaonyeshwa mtu. Tafadhali usiniharibie."

Ikaundwa kamati. Kamati ilikaa, ikaletewa chapati, ikapendekeza Ukaguzi wa Heshima. Waswa atasimama nje ya ua, mgongo wake ukiangalia nyumba, na kuuliza maswali yote ya fomu kwa sauti. Kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawapigiani kelele, Dorca atasimama katikati na kupeleka maneno.

Ukaguzi huo ulifanyika Jumanne, watu wa mashua wakiacha nyavu zao kuja kutazama.

"Mama Dorca," Waswa aliita, akiangalia ziwa, "mwambie mama anisamehe kuuliza. Sakafu ni ya nini?"

"Benta!" Dorca akapiga kelele. "Mkwe wako anasema pole! Anauliza sakafu ya nini!"

"Mwambie asante kwa kuuliza!" Benta alijibu kutoka ndani. "Sakafu ni ya kukanyaga!"

"Anasema ni ya kukanyaga!"

Waswa akaandika. "Na moshi unatokea wapi?"

"Anauliza moshi unatoka wapi!"

"Mwambie unatoka kwa kuni! Kwani kwao unatoka kwa redio?"

"Anasema kwa kuni, na anakusalimia watoto!"

Ripoti ilifika mezani kwa Gordon siku hiyo hiyo. Ilisema: sakafu ipo na inakanyagwa, moshi unatoka kwa kuni, nzi wapo lakini wana heshima, mama hajambo. Mwisho, mahali pa maoni ya mkaguzi, Waswa aliandika kwamba watoto wamesalimiwa.

Gordon aliisoma akiwa amesimama. Halafu akatangaza, mbele ya idara nzima, maneno ambayo katibu aliyaandika kwa herufi kubwa. Alisema nchi haiwezi kuzuiliwa kwenye mlango wa jiko. Alisema yeye, Gordon Ondiek, alioa Siaya, kwa mke mmoja, kwa cheti. Pale Dunga hakuwa mkwe wa mtu. Ataingia mwenyewe.

Watu wa idara walipiga makofi. Waswa alipiga polepole kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu akakumbuka mshahara.

Basi Jumatano saa sita mchana, saa ambayo jua la Kisumu linakaa kichwani kama mzigo, gari la mkurugenzi lilisimama mbele ya hoteli ya Benta. Gordon alishuka akiwa na suti nyeusi ya sufu, ile ya kuapishwa. Wakaguzi wake watatu walisimama nyuma ya ua, macho chini, kila mmoja akiwa na kalamu.

Benta alikuwa kwenye karai. Mwanamke mfupi, mikono ya mafuta, sauti isiyopanda wala kushuka. Alimwona Gordon akija moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akasimama katikati ya mlango huo.

"Karibu, baba. Kaa hapo nje kwa benchi, nikuletee maji."

"Sikuja kunywa maji, mama. Nimekuja kukusaidia. Nataka kuingia jikoni."

"Hii si jikoni ya hoteli peke yake. Ni ya nyumba yangu. Mimi ni mjane, baba."

"Pole sana. Sheria inawapenda sana wajane. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Mwanaume haingii tu hapa."

"Mama, mimi si mkwe wako."

Benta alimwangalia kuanzia viatu. "Hiyo ni kweli," alisema. "Wewe si mkwe."

"Kwa hivyo naingia."

"Ingia. Lakini watu wote wamesikia, ni wewe umeingia. Mimi sikukuita."

"Andika hapo, Waswa!" Gordon alisema kwa furaha. "Mkaguliwa ametoa ushirikiano."

Akaingia. Mara moja akaanza kuona makosa, na kila kosa lilimpa nguvu. Aliyasoma kwa sauti kupitia dirishani, wakaguzi wakiandika kule nje ya ua, na watu wa ufuoni wakisikiliza kama mahubiri. Sakafu ni ya udongo: ipigwe simiti. Moshi umekosa adabu: lijengwe bomba la kuutoa. Maji machafu yanakwenda yanakotaka: uchimbwe mtaro. Mlango wa choo ni gunia: uwekwe mlango unaofungwa. Dirisha liwekewe wavu.

"Na iandikwe," aliongeza, akiwa amekolea, "mwenye nyumba hii atafanya kazi hizo mwenyewe, kwa mikono yake, ili ajifunze. Fundi haruhusiwi. Kabla ya Ijumaa. La sivyo, nyekundu."

"Baba, mimi nina mgongo," Benta alisema.

"Hakuna sababu itakayosikilizwa. Andika, Waswa. Hakuna sababu."

Waswa aliandika hakuna sababu.

Lakini jiko la kuni ni jiko la kuni, na suti ya sufu ni suti ya sufu. Jasho lilikuwa limeanza kumwingia Gordon machoni hata haoni makosa vizuri. Alivua koti. Alitafuta mahali pa kuliweka pasipo na masizi. Nyuma ya mlango, ukutani, aliona msumari mkubwa uliokaa bure. Akalitundika hapo. Halafu akavuta kigoda karibu na moto, akakaa, akafunua sufuria ya samaki wa kupakwa nyanya, akasema anachukua sampuli.

Mwiko wa Benta ulisimama hewani.

Gordon alichukua sampuli. Sampuli ilikuwa na kitunguu na dania. Akachukua sampuli nyingine upande wa mkia, kwa maana sheria inataka uhakika. Alipokuwa anafyonza mfupa wa ukaguzi, Dorca alitokea mlangoni na beseni la omena. Akamwona mwanaume amekaa kwenye kigoda. Akaona sufuria iko wazi. Akaona nyuma ya mlango.

Beseni lilianguka. Dorca alipiga kigelegele ambacho kilisikika kwenye mashua zilizokuwa bado zinarudi.

"Yawa! Njooni muone! Ametundika! Mkurugenzi ametundika koti kwa Benta!"

Sasa, kwenye ufuo ule hakuna mtoto asiyejua maana yake. Mwanamke akifiwa, wanaume hufika mmoja mmoja kuulizia. Anayekubaliwa huingia ndani, hukaa, hula chakula cha jikoni, na hutundika koti lake kwenye nyumba. Basi. Hakuna fomu wala leseni. Kuanzia hapo yeye ndiye mwanaume wa nyumba ile. Msumari wa nyuma ya mlango ulikuwa wa koti la Ogweno, na tangu azikwe haukuwahi kubeba kitu. Walishakuja wanaume wenye mashua, wanaume wenye ng'ombe, hata mzee mmoja wa kanisa. Wote waliondoka na makoti yao mkononi.

Gordon, mtoto wa Usenge, alijua hayo yote. Alikuwa ameyasahau kwa makusudi, kama mtu anavyosahau namba ya ndugu anayeomba nauli. Mfupa ulimkwama.

"Hii," alisema, akikohoa, "ni mahali pa kazi. Hilo ni koti la kikazi."

Nje ya ua, Waswa alivua kofia. Fabian na Sydney nao wakavua. Wote watatu walirudi hatua nyuma na kuinamisha vichwa.

"Baba," Waswa alisema akiangalia mchanga, "tunakusalimu. Tunafurahi kwamba mama amepata mtu."

"Mimi ni mkurugenzi wako!"

"Ndiyo, baba."

"Inua macho unapozungumza na mimi!"

"Siwezi, baba. Wewe sasa ni baba mkwe. Hata ofisini, nadhani itabidi tutumie mlango mwingine."

Gordon alisimama haraka, akanyoosha mkono kwenye msumari. Benta aliuzuia mkono huo kwa mwiko.

"Wacha hapo."

"Mama, ni koti langu!"

"Ulilitundika mbele ya watu, ukakaa, ukala. Ukilitoa hivi hivi bila kufanya kazi ya nyumba, hiyo ni chira, laana ya mila. Itanifuata mimi, itafuata wajukuu. Halafu itapanda gari yako."

"Mimi siamini chira. Nina diploma."

Dereva wa mkurugenzi, mtu wa Seme, alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa ameshafunga milango ya gari kwa ndani na kushusha kioo kidogo tu.

"Bosi, hiyo haiwezi," alisema. "Mimi siwezi kubeba chira kwa gari ya serikali. Bima haikubali."

Watu walicheka mpaka mwenye mashua mmoja akakaa chini. Gordon aliangalia huku na huku akitafuta serikali. Serikali ilikuwa yeye, na ilikuwa imevaa shati lililolowa.

Alijaribu njia ya diplomasia. Alipunguza sauti. "Mama Benta. Tuseme ukweli. Wewe unanitaka mimi kweli?"

"Wewe?" Benta alisema. "Sikutaki hata kidogo, baba. Mtu anayefyonza mfupa kwa kelele namna hiyo? Ogweno alikuwa anakula kimya. Ukifanya kazi ambayo mwanaume wa nyumba anafanya, mimi mwenyewe nitakutolea hilo koti, nikukabidhi mlangoni, na uende kwa amani."

"Kazi gani?"

Benta aligeuza samaki kwenye karai. Dorca ndiye aliuliza, kwa sauti ya upole sana, akiwa ameelekea kwa wakwe. "Nyinyi vijana wa serikali. Mlikuwa mmeandika nini hapo?"

Waswa alisoma, macho yakiwa kwenye karatasi na mwili wake ukiwa umegeuka kando kwa heshima. Simiti. Bomba la moshi. Mtaro. Mlango wa choo. Wavu. Mwenye nyumba, kwa mikono yake. Fundi haruhusiwi. Hakuna sababu.

"Nafuta hiyo notisi," Gordon alisema.

"Baba," Waswa alisema kwa huzuni ya kweli, "mwenye biashara hawezi kujifutia notisi. Hiyo ni mgongano wa maslahi. Ulitufundisha wewe."

Hivyo ndivyo mkurugenzi alivyoanza kusaidiwa.

Alinunuliwa gambuti. Alionyeshwa jembe, wakatambuana. Jumatano jioni alichimba mtaro uliokwenda kwa Dorca, akaambiwa maji hayaendi kwa jirani, akaufukia akachimba mwingine. Asubuhi ya Alhamisi alipigilia mlango wa choo juu chini, kitasa kikawa kwenye magoti. Wazee wa mashua walikaa kwenye benchi wakinywa chai na kumpa moyo.

"Wuod Usenge, mwana wetu, nyundo inashikwa huku."

"Muache, anajifunza. Imeandikwa ajifunze."

Adhuhuri alitambua hatari kubwa zaidi. Hata akimaliza, lazima ofisa aje kukagua na kupitisha, na kila ofisa alikuwa mkwe. Alikwenda mjini na matope yake, kwa miguu mpaka alipopata boda aliyekubali kumbeba, akafika kwenye idara. Wakwe zake walipomwona walitoka kwa dirisha. Akaambiwa na msichana wa mapokezi, ambaye hakumtambua bila koti, apange foleni pale kwenye Dawati la Furaha, la kusikiliza wafanyabiashara. Alipofika mbele alielezwa kwamba wanaoshughulikia Dunga wametoka kidogo.

"Watarudi saa ngapi?"

"Wewe acha namba ya simu, mzee."

"Mimi ndiye nilifungua dawati hili!"

"Wengi wanasema hivyo," msichana alijibu kwa upole, kama alivyofundishwa, na kumpa kijikaratasi cha kueleza kama amefurahishwa na huduma.

Aliporudi Dunga jioni hiyo, alikuta watu wamejaa zaidi ya siku ya soko. Mbele ya hoteli kulikuwa na boda mwingine, na kutoka kwenye boda huyo alikuwa ameshuka Bridget, mke wake na mama wa Shantel, macho yakiwaka kama kiberiti. Habari zilikuwa zimefika nyumbani. Watu waliacha njia. Wengine walipandisha watoto mabegani waone vizuri.

Bridget alimwangalia mume wake, gambuti mpaka nywele.

"Gordon. Jikoni kwangu bomba linavuja tangu Shantel akiwa nasari. Nilipokuambia, ulisema wewe si mtu wa mikono."

"Mama Shantel, hii ni kazi ya serikali."

"Naona. Serikali imetundika koti."

Akampita. Akaingia jikoni kwa Benta moja kwa moja, na hakuna aliyemzuia, maana mke mwenza ana ruhusa ya kuingia. Watu walisogea karibu wakingoja sufuria ziruke. Kilichosikika ni Benta akisema, "Kaa, dada yangu. Umekula?" Na kilichofuata ni kicheko cha wanawake wawili, kirefu, cha aina ambayo mwanaume akiisikia anajua inamhusu.

Hapo Gordon alipata wazo lililomfanya ajione mkurugenzi tena. Bridget si mkwe. Bridget anaweza kuingia jikoni. Na Bridget ni mke wake wa cheti, hawezi kumwangusha. Alichukua karatasi, akaandika kwa mkono wa matope, akamteua Mkaguzi wa Muda. Kumpa kazi mtu wa nyumbani kwako ni jambo ambalo wakubwa wetu hawajawahi kulifikiria hata ndotoni, na kwa hiyo hakuna kanuni iliyolikataza.

Ijumaa asubuhi wageni wa Nairobi walifika. Waliuliza mkurugenzi yuko wapi. Waswa aliwajibu, akiangalia mchanga, kwamba baba yuko jikoni anamalizia sakafu. Wageni walidhani ni njia ya kusema. Waliketi kwenye benchi, wakaletewa ngege mzima mzima na ugali wa mtama, na mkubwa wao alifungua mkanda tundu moja kabla hajafika nusu ya samaki.

Ndani, Gordon alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, anasawazisha simiti mbichi kwa mwiko wa fundi. Bomba la moshi lilikuwa limesimama, limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Wavu ulikuwa dirishani. Koti lilikuwa msumarini. Alikuwa anahesabu dakika tu mpaka mkaguzi apitishe, Benta amkabidhi koti, atoke mbele ya wageni akiwa mkurugenzi kamili.

Bridget alisimama mlangoni na kalamu. Benta alisimama kando yake na sahani ya kichwa cha samaki.

"Haya, mama Shantel," Gordon alinong'ona. "Weka sahihi haraka. Wageni wako hapo."

Bridget alikagua. Hakuharakisha. Alifungua mlango wa choo, akaufunga kwa goti. Alimwaga kikombe cha maji kwenye mtaro akayafuata kwa macho mpaka yalipopotea. Mwisho alichukua kikombe kingine, akakimwaga kidogo kwenye kona ya sakafu iliyokuwa imeshakauka. Maji yalitembea, yakapita chini ya mkono wa Gordon, yakakusanyika karibu na mguu wa kigoda, yakatulia hapo kama wageni waliofika.

"Imelala upande," alisema.

"Kidogo tu!"

"Benta atasimama hapa na karai la moto. Unataka ateleze?"

"Bridget, tafadhali. Kama haikupita, hoteli inafungwa leo!"

"Nani amesema inafungwa?" Akaandika, akisoma kwa sauti ili wakwe walio nje ya ua wasikie na kuweka kwenye ramani. "Hoteli: kijani. Chakula kizuri, mama mwenyewe safi, ushirikiano mkubwa. Kilichoanguka ni kazi ya mwanaume wa nyumba. Huyo asaidiwe mpaka aelewe. Asiondolewe mahali pa mafunzo."

Nje, mkubwa wa wageni, aliyesikia yote hayo, alikuwa ameomba samaki wa pili na kuuliza kama hii idara inaweza kupelekwa kwa wakurugenzi wengine pia.

"Na koti langu?" Gordon aliuliza, bado amepiga magoti.

Wanawake wawili waliangaliana.

"Bomoa hiyo kona," Bridget alisema. "Anza upya." Halafu akamgeukia Benta, akinyoosha mkono kwenye sahani. "Dada, hiki kichwa unakula, ama nichukue?"